Gari Langu Lililopakwa Sifa

Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii niliikariri shuleni kama wanavyoikariri watoto wote, na katika mtihani nikapata alama zangu. Lakini maana yake sikuijua mpaka mwaka 1989, siku niliposimama katika uwa wa nyumba yetu kule Takaungu nikitazama mashimo manne mchangani, mahali palipokuwa pakisimama gari langu. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za gari hilo. Najua wapo watakaouliza gari bovu lina uhusiano gani na ukurasa wa utamaduni. Hao nawaomba wanivumilie, kwani nitakaloliomba mwishoni si gari.

Nililinunua mwaka 1974 kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Vipingo, naye alikuwa akifunga virago kurudi kwao. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na kazi yangu ilikuwa kununua nazi, mbata na korosho kwa wakulima na kuzipeleka Mombasa. Nilikwenda kwake nikiamini naenda kununua Land Rover. Kwa mbali lilikuwa Land Rover hasa: umbo la sanduku, rangi ya kijani, turubali nyuma, na taa mbili zilizokodoa kama macho ya pono. Nilipokaribia ndipo nilipoona jina jingine: Austin Gipsy. Sikuwahi kulisikia. Lakini bei ilikuwa nusu ya ile ya Land Rover, na maskini hachagui. Nililipa, nikaliendesha hadi nyumbani, na kabla ya magharibi watoto wa mtaa walikwisha kulibatiza jina: Chipsi. Watu wazima walijitahidi wakasema Jipsi, na jina hilo ndilo lililokaa.

Baadaye nilisoma habari zake na nikafahamu kwa nini lilifanana na Land Rover kama pacha. Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, kwa hiyo waliolibuni walilivisha mabati ya alumini. Jambo lililofanywa kwa shida likageuka kuwa neema, maana alumini haipati kutu kama chuma. Miaka 10 baadaye, mwaka 1958, watu wa Austin nao wakatoa gari lao la kushindana, ndilo Gipsy. Kufikia hapo chuma kilikuwa tele, wakalivisha chuma kitupu. Wakaliuza pote walipoweza, lakini mpaka lilipokomeshwa karibu mwaka 1968 yalikuwa yametengenezwa kama 21,000 tu, na hali Land Rover lilikuwa limekwisha kufikia nusu milioni mwaka 1966. Mwaka huo wa 1968 makampuni hayo mawili yalijikuta chini ya paa moja, na pacha mmoja akalazimika kwenda zake. Kwa hiyo mimi mwaka 1974 nilikuwa nimenunua yatima. Vipuri vilikuwa vikipungua kila mwaka, na wauza vipuri wa Mombasa nikiwatajia jina la gari walinitazama kama niliyeomba maziwa ya kuku.

Hata hivyo yatima huyo alikuwa na jambo moja ambalo pacha wake hakuwa nalo. Land Rover lilikaa juu ya springi za mabapa ya chuma, na aliyepanda Land Rover katika barabara mbovu anajua habari za mgongo wake. Jipsi yangu haikuwa na springi hata moja. Kila gurudumu lilishikwa na mkono wa chuma, na mkono huo ukaingia katika bomba lililojaa mpira mzito ulioganda kwenye chuma ndani na nje. Gurudumu likipanda jiwe, mkono hujipinda, mpira hujikaza, kisha hulirudisha gurudumu chini polepole. Katika njia yetu ya kuingia Takaungu, njia ya vumbi na mawe ya matumbawe, magari mengine yalirukaruka kama mbuzi. Jipsi ilipanda na kushuka kama mashua katika maji ya kusi yaliyotulia.

Sasa tazama, msomaji, mambo ya mtaa yalivyo. Haukupita mwaka habari zikawa zimeenea kwamba lile gari la ajabu halitikisi. Mjamzito akishikwa na uchungu, hodi kwangu. Mzee aliyevunjika nyonga, hodi kwangu. Bibi harusi anayetolewa Takaungu kwenda kwa mumewe Malindi, na nywele zimesukwa na hina haijakauka vizuri, hodi kwangu. Mayiti akitoka hospitali ya Mombasa kurudishwa kwao kuzikwa, Jipsi ndiyo iliyokwenda kumchukua, na kwa safari hiyo sikutoza hata senti. Nilidhani nimenunua gari la nazi. Kumbe nilikuwa nimenunua gari la watu, na mimi nimeajiriwa udereva bila mshahara. Wakati mwingine nilinung'unika. Mama yangu, Mungu amrehemu, akanijibu mara moja tu: "Mwanangu, nazi ziliwahi kukuombea dua?" Sikunung'unika tena mbele yake.

Adui wetu alikuwa chumvi. Nyumba yetu ilikuwa karibu na maji, na upepo wa bahari haumwonei huruma mwenye chuma. Mwaka wa pili nilianza kuona kutu chini ya milango. Mwaka wa tatu sakafu ya upande wa abiria ilitoboka, na shangazi yangu akaniambia kwa adabu kwamba safari ilikuwa nzuri, ila tangu Mnarani alikuwa akiiona barabara katikati ya miguu yake. Nikalipeleka Mombasa kwa makanika mmoja. Akalizunguka, akaligonga kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Akaniambia, "Bwana, hili lizike."

Basi nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, na njiani nikapita ufukoni alipokuwa fundi wa majahazi. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda kutajwa, na jamaa zake wapo. Alikuwa mzee aliyezaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, mahali ambapo kuunda vyombo ni kazi ya kurithi. Alikuja kwetu kutengeneza mashua moja, akaoa, akakaa. Hakujua kuendesha gari wala hakutaka kujua. Siku hiyo aliacha tezo lake, akaja akalala chini ya Jipsi muda mrefu, mpaka nikadhani amepata usingizi. Alipotoka alijipangusa mchanga kwenye kikoi, akasema: "Mkuku mzima. Mataruma mawili yameoza. Mbao za juu zinahitaji viraka. Chombo hiki hakijafika kuzama."

Nataka tusimame hapa kidogo tuyatazame maneno hayo, kwani ni ya ukurasa huu. Ule mhimili mkubwa wa chuma ulio chini ya gari, yeye aliuita mkuku, kama ule wa jahazi. Vyuma vya kukingama aliviita mataruma. Wengine walicheka, lakini alikuwa akifanya lile lililofanywa na lugha yetu tangu zamani. Usukani ulikuwa wa chombo cha bahari kabla haujawa wa gari. Abiria walivuka bahari kabla hawajapanda basi. Shehena ilijaa majahazini kabla ya malori. Hata reli ilipopita bara, vile vipande vinavyolalia chuma vikaitwa mataruma, jina lililotoka kwenye mbavu za vyombo. Kiswahili hakikuliogopa gari la moshi wala la petroli. Kiliyatazama, kikaona ni vyombo, kikayapa majina yaliyokuwapo nyumbani. Na yule mzee alilitazama gari langu kwa macho yale yale: hakuona mashine ya Kizungu iliyokufa, aliona chombo kinachovuja.

Akakitengeneza kama chombo. Mataruma mawili aliyatoa, akamwendea mhunzi, wakafua mengine. Sakafu akaitia viraka vya bati la debe, akavikaza kwa misumari ya kufyatwa pande zote mbili, na katikati ya bati na bati akatandika pamba iliyolowa mafuta, vile vile anavyokalafati mbao zisipitishe maji. Mwisho akaniambia nilete sifa.

Kwa wasomaji vijana, sifa ninayoitaja si ile ya kusifiwa. Ni mafuta ya maini ya papa, ambayo mabaharia wetu huyapaka mbao za chombo zisiliwe na jua na chumvi. Mwenye pua akiyasikia mara moja hayasahau maisha. Mzee aliipaka Jipsi sifa chini yote, ndani ya milango, kwenye kila pembe isiyofikiwa na brashi akamimina kwa kata. Akaniamuru nirudie kila kaskazi na kila kusi, kama chombo kinavyopandishwa pwani. Niliuliza, "Ami, sifa ni ya mbao. Itafaa chuma?" Akanijibu: "Misumari ya jahazi ni ya nini?"

Nilitii. Kutu ikasimama. Harufu ndiyo haikusimama. Injini ikipata moto, na jua la saa saba likipiga, waliokaa nyuma walijua vizuri kwamba wamo ndani ya papa. Palipokuwa na harusi, akina mama walikuja tangu alfajiri na vyetezo, wakalifukiza gari udi na ubani kama wanavyofukiza chumba cha maharusi, kisha wakatandika mikeka na kunyunyiza marashi. Nakumbuka somo mmoja aliyefukiza saa nzima, akavuta pumzi, akatikisa kichwa: "Sasa ni papa aliyetawadha." Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamtoka, na ikabidi apambwe upya.

Msomaji asidhani ni mchezo mtupu. Usiku mmoja wa mwaka 1978 jirani alinigongea, mkewe ana uchungu tangu mchana na mkunga amesema mambo si ya nyumbani tena. Hospitali ilikuwa Kilifi, ng'ambo ya maji, na daraja la Kilifi halikuwapo. Lilifunguliwa mwaka 1991. Wakati ule kila mtu alitegemea feri. Tulimlaza yule dada juu ya godoro, mkunga kando yake, na mimi nikaendesha ile njia ya mawe huku mkunga akiniambia, "Polepole, mwanangu, hapo hapo, hapo hapo." Tulipofika Mnarani feri ilikuwa ng'ambo. Nikawasha na kuzima taa, nikapiga honi, nikaona taa yao ikianza kuja juu ya maji. Tulipokuwa katikati ya mlango wa bahari, mtoto akalia. Wale wafanyakazi wa feri walipiga takbiri usiku ule kwa sauti moja. Mkunga alinieleza baadaye kwamba mtoto alikuwa amekaa vibaya, na lau mama angetikiswa njiani kama gunia, hajui kama wangefika wote wawili. Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Akiniona husema, "Ami, mimi ni mtoto wa Jipsi."

Na safari nyingine siwezi kuiacha: ile ya Maulidi ya Lamu ya mwaka 1975. Mfungo Sita mwaka ule uliangukia Machi na Aprili, na Maulidi ya Riyadha, msikiti uliojengwa na Habib Swaleh, husomwa mwisho wa mwezi. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Tulitoka watu kumi na mmoja, na mzee fundi akiwemo, kwani alitaka kuwaona watu wake Matondoni. Tulivuka feri ya Kilifi, tukapita Malindi, tukavuka Mto Tana pale Garsen, na baada ya hapo tukaingia katika ule udongo mweusi unaoshika kama gundi. Magari makubwa yalikuwa yamelala pembeni. Jipsi, magurudumu yote manne yakivuta, ilijikokota mpaka karibu na Witu, na hapo tukasikia mlio kama wa bunduki. Mpira wa mkono wa mbele upande wa kushoto ulikuwa umeachana na chuma chake. Gurudumu likapanda juu, gari likainama kama mtu aliyerukuu.

Kipuri hakikuwapo Witu, hakikuwapo Mombasa, na nadhani hata kwao Uingereza kingekuwa kazi kukipata. Mzee alishuka, akakunja kikoi, akaingia kichakani na tezo lake. Akarudi na kipande cha mti mgumu, akakichonga kabari ya kukaa barabara kati ya mkono na mkuku. Juu na chini yake akaweka vipande vya tairi kuukuu, akavifunga vyote kwa kamba ya usumba mafundo ambayo mimi sikuyajua. Kazi nzima haikuchukua muda wa adhuhuri hadi alasiri. Kwa kabari ile tulifika Mokowe, tukaliacha gari, tukapanda mashua hadi Lamu, na usiku tukakaa katika Maulidi tukisikia matari. Kwa kabari hiyo hiyo tukarudi hadi Takaungu. Baadaye alichonga nyingine tatu za akiba. Kila moja ilikuwa na mahali pake, na hakuna aliyejua ipi ni ya wapi isipokuwa yeye.

Miaka ikapita. Pikapu mpya za Kijapani zikaingia, nafuu za petroli, na vipuri vyake viko kila duka. Biashara yangu ilikuwa imekua kidogo na nikaanza kuona haya. Wenzangu walishuka katika magari yanayong'aa, mimi nikashuka katika papa. Mwaka 1989 mzee alipata habari kwamba dada yake ni mgonjwa huko Matondoni. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu, akaligusa gari, akasema mataruma ya nyuma yamechoka. "Ningoje nirudi. Nikirudi tutalipandisha pwani tulifanye lote." Nikasema inshallah. Wiki ya pili akapita mnunuzi wa chuma chakavu, na mkononi ana fedha taslimu. Zilikuwa kidogo, lakini zilitosha kujazia malipo ya pikapu. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Niliuza. Walilivuta kwa mnyororo, na lilipopita mtaani watoto wakalikimbilia wakiimba Chipsi, Chipsi, hawajui kwamba linakwenda kukatwa.

Mzee alirudi baada ya wiki tatu. Alikuja moja kwa moja kutoka kituoni, mzigo begani, hata nyumbani kwake hajafika. Ndani ya gunia mlikuwa na mataruma mawili aliyoyachonga kwa mti Matondoni yawe kiolezo, ili mhunzi afue ya chuma kwa kipimo hicho. Akasimama katika uwa. Akayatazama yale mashimo manne. Sikuwa na la kusema, nikaanza habari za bei na petroli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwani alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema: "Umeuza chuma chako, si kosa. Mimi nilitaka safari hii nimshike mwanao mkono, nimfunze katika chombo hicho. Sasa nitamfunzia wapi?"

Hakunigombeza wala hakukata salamu. Lakini hakuja tena uwani kwangu kutazama gari, kwa sababu pikapu mpya haikuwa na cha kutazamwa. Alifariki mwaka 1993. Tezo lake na keke lake viligawiwa. Ujuzi wake haukugawiwa, maana hapakuwa na aliyeupokea. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 12 mwaka ule nilipouza gari, mtoto mwepesi wa mikono, aliyekuwa akishinda ufukoni. Sikumnyima chuo wala shule. Nilimnyima mwalimu wa tatu, na sikujua kwamba ninafanya hivyo.

Miaka mingi baadaye nilisoma jambo lililonikosesha usingizi. Iko kampuni kubwa ya rangi huko Marekani iitwayo Rust-Oleum, ambayo kazi yake ni rangi za kuzuia kutu. Ilianzishwa mwaka 1921 na nahodha mmoja wa meli, Robert Fergusson. Habari zake husimulia kwamba aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha ya chuma yenye kutu, na pale yalipomwagika kutu haikuendelea. Akalishika jambo hilo, akalijaribu, akaondoa harufu, akalitia mkebeni na kuliuza duniani kote. Basi mzee wetu, aliyeambiwa kwamba sifa ni ya mbao, alijua alichokuwa akikifanya. Tofauti ya wawili hao haikuwa akili. Mmoja alichojua kiliandikwa na kufunzwa na kurithiwa. Mwingine alichojua kilizikwa naye mchana wa Ijumaa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Sisemi turudi nyuma. Pikapu mpya ni bora kwa biashara, na sitamani mjamzito yeyote leo asafirishwe katika gari la viraka hali iko ambulansi. Daraja la Kilifi ni rehema, na aliyewahi kungoja feri usiku hatalisema vibaya. Wala sidai kila kuukuu kina thamani. Viko vitu vikuukuu ambavyo ni takataka. Ninachosema ni kwamba nilipopima Jipsi ile nilipima chuma, petroli na haya yangu mbele ya watu. Sikupima kwamba lilikuwa darasa, na mwalimu yupo, na mwanafunzi yupo.

Mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia. Tunashukuru. Nyumba zake za mawe na milango yake ya nakshi sasa zina watu wa kuzisemea. Lakini mlango hauchongwi na ukuta. Unachongwa na mkono, na mkono haukai ukutani ukahifadhiwa. Mafundi wa majahazi, wachonga milango, wahunzi, washona kofia, wasuka mikeka: kila mmoja wao akifa bila mwanafunzi, tumebomoa nyumba ambayo hakuna serikali wala shirika litakaloijenga tena. Na pamoja na kazi hupotea maneno. Mtoto asiyeona mataruma hatajua kuyataja, na siku atakapoona kitu kipya hatakuwa na neno la nyumbani la kukipa.

Sisi watu wa Pwani tunapenda kujivunia ustaarabu wetu, na tunayo haki. Tunajua pia kwamba Nabii Nuhu aliunda jahazi na Nabii Daudi alifua deraya, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kazi ya mikono ni ya watu duni. Tunafundishwa kwamba elimu yenye manufaa ni miongoni mwa sadaka zinazoendelea baada ya mwenyewe kufa. Basi kwa nini tunawaacha wazee wetu waende bila ya sadaka hiyo? Mzee hawezi kufundisha pasipo mtu wa kumfundisha. Kosa si lake. Ni la baba wa mtoto.

Ombi langu kwako, ndugu msomaji, ni dogo. Katika mtaa wako yuko fundi mmoja mzee. Shule zikifungwa, mpeleke mwanao kwake, au mpwa wako, hata kwa wiki tatu, asaa baada ya darasa la Kurani. Usimwambie mtoto anakwenda kujifunza kazi ya maskini. Mwambie anakwenda kupokea amana. Na kama huna mtoto, chukua daftari, au hiyo simu yako inayorekodi sauti, ukakae na mzee umwulize majina ya vitu vyake: hiki kinaitwaje, kile ni cha nini, na kwa nini unaanzia hapa usianzie pale. Usingoje arudi safari. Mimi nilingojwa, sikungoja.

Zile kabari tatu za akiba ninazo mpaka leo, kwenye sanduku moja na yale mataruma ya mti. Mwanangu, ambaye sasa ni makanika mjini Mombasa na hutibu magari kwa kompyuta, alizishika mwaka jana akazigeuza mkononi kwa muda mrefu. Akaniuliza: "Baba, hii ya kushoto au ya kulia?" Nikamwambia sijui. Bado zinanuka sifa.